Harambee: Tusimamishe Tena Mataruma Yetu Kabla ya Bamvua

Assalaam alaykum ndugu na jamaa, mlio hapa Lamu na mlio Mombasa, Nairobi na ughaibuni,

Tunawapigia hodi kwa haya, maana ni mara ya pili mwaka huu.

Kazi yetu mnaijua. Ni mataruma saba ya jahazi kuukuu, yaani mbavu zake za mbao, tuliyopewa na mafundi wa kijiji cha Matondoni, tukayasimamisha ufukweni kwa mstari, fupi upande wa maji, refu upande wa minazi. Maji yakijaa, watoto huhesabu mangapi yamezama: maji mafu, yanayojaa kidogo, hayapiti la pili; bamvua, maji makuu ya mwezi, hufika la tano. Kila taruma tumelitoboa matundu kwa keekee, na kusi likivuma yanalia, kila moja na sauti yake. Si sanamu ya mtu wala mnyama. Hilo tulilizungumza na wazee kabla ya kushika tezo.

Basi bamvua la mwezi uliopita lililaza matatu. Alfajiri tulikuta moja linaelea kama gogo la kuni. Kosa ni letu. Tulipiga misumari ya kawaida kwa sababu ni rahisi, ikaliwa na kutu, na mashimo tuliyachimba kina cha mkono mmoja tu, mchanga mtupu. Fundi mmoja mzee alikuja akatazama, akatuuliza, "Wanangu, mwamba wa hapa mliuulizia?" Hatukuuulizia. Sasa tumechimba: uko mikono mitatu chini, tumbawe gumu. Hapo ndipo mguu wa taruma utakapokaa, na bolti zisizoshika kutu. Katikati ya bolti na mti tutatia duara za kandambili tunazookota ufukweni, mti usisagike.

Taabu yetu ya sasa ni banda. Makuti yamekwisha. Mvua ikinyesha usiku, vijana wanaamka kuhamisha mbao kutoka panapovuja sana hadi panapovuja kidogo. Wiki jana wasichana wawili walikaa na turubali kichwani mpaka adhana ya alfajiri, ili taruma refu lisilowe. Asubuhi wakaenda shule.

Hesabu ni hii. Bolti shilingi 64,000. Makuti na boriti 48,000. Deheni na sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupaka mbao, 9,000. Kubeba kwa mashua 12,000. Chakula cha mafundi 18,000, maana ujira wamekataa. Jumla 151,000. Mkononi tuna 37,500, zimebaki 113,500. Kila senti itaandikwa daftarini na risiti zitabandikwa mlangoni mwa banda, kama mara iliyopita.

Mara iliyopita mlitupa tezo nne, keekee na misumeno, Mwenyezi Mungu awalipe. Vyote vipo, njooni mvione.

Wako wanaosema hii ni michezo ya watoto. Mwaka 2018 watu walicheka vilevile Flipflopi, jahazi la takataka za plastiki, ilipojengwa hapahapa Lamu na kufunikwa kandambili kuukuu. Mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar, na waliocheka tuliwaona ufukweni wakipiga picha. Na tusisahau, harusi ikitokea mitaa yetu hii huchanga usiku mmoja, wala hakuna anayeuliza pilau imekwenda wapi.

Harambee ni Ijumaa ijayo baada ya sala ya Alasiri, palepale bandani. Aliye mbali amkabidhi mhazini kupitia jamaa yake wa hapa, apewe risiti. Asiye na fedha alete boriti, makuti, au mikono yake ya kuchimba. Bamvua lijalo halitungoji. Na kandambili mbovu zote tunapokea, hata za mguu mmoja.