Mtu anapigwaje kwa kupanda mti?

Mwalimu mwenzangu na rafiki yangu,

Salamu kutoka Nairobi. Sisi hatujambo, natumaini nanyi pia. Swali lako limenikaa moyoni wiki nzima: watoto wakishasoma habari za watu wanaojitolea kufufua bustani au msitu wa mjini, utawafanyaje waijadili badala ya kukuimbia "tutunze mazingira"?

Nikueleze ya Jumamosi. Niliwaandikia watoto wa gredi ya nne ukurasa mmoja kuhusu Karura, msitu wa hapa Nairobi, nikaanzia tarehe 8 Januari 1999. Siku hiyo Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walikwenda kupanda mti langoni mwa msitu, wakati sehemu ya ardhi ile ilikuwa imeshagawiwa wajenzi. Wakavamiwa na vijana wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Msichana mmoja aliacha kusoma hapohapo, kidole kikiwa bado juu ya neno "jeraha". "Mwalimu, mtu anapigwaje kwa kupanda mti?"

Nilikuwa nimeandaa maswali matano. Nikayafunika. Mmoja akasema wale vijana hawakuuchukia mti, walitumwa. Mwenzake akadakia: aliyewatuma angepata nini? Tukajikuta tunazungumzia bei ya ardhi, kisha neno "umma", ambalo wote walidhani maana yake ni "ya serikali". Tulipolichambua, mvulana mmoja akasema polepole, "Kwa hiyo hata mimi, msitu ni wangu." Nusu saa nzima, na mimi sikusema sana.

Kwa sehemu ya pili ya ukurasa, ya watu wanaojitolea kuusafisha msitu, nilibeba tawi la lantana. Maua yake mazuri, ya manjano na waridi, hawakuamini kwamba ndiyo wanayohangaika nayo watu wa kujitolea. Nikawapa washike: shina linakwaruza, na jani ukilifikicha linanuka vikali. Ililetwa kutoka Amerika kama pambo, ndege wanakula matunda yake meusi na kusambaza mbegu, na vichaka vyake huifunika miche ya asili isipate mwanga. Ukiikata tu, kisiki huchipua tena. Waliporudia kusoma "hung'olewa na mizizi yake", walisoma kwa sauti nyingine kabisa.

Kisha likaja swali ambalo nakuomba usilijibu haraka: "Wanalipwa?" Mtoto aliyeuliza akaongeza, "Baba yangu hatoki nyumbani bure." Sikumsahihisha, maana ana haki. Anayeishi kwa kibarua cha siku, Jumamosi yake si sawa na ya mwenye mshahara. Niliwauliza tu: basi kazi hii ifanywe na nani? Bado wanabishana, na wiki ijayo tutaendelea.

Ukurasa wenyewe nimeukunja humu ndani. Kabla hujawapa watoto wako, kata aya ya mwisho. Niliiandika ya kuwahubiria, na wangu hawakuihitaji.

Wako,
rafiki yako wa Nairobi