Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu Lamu: mtoto mdogo alale kwao

Mheshimiwa Mkurugenzi, asalaam aleikum. Mimi ni mzazi wa huku Faza, kisiwani Pate, najua uko na kazi nyingi lakini hii naomba uisome mpaka mwisho.

Siku hizi kila baraza utasikia serikali ijenge mabweni makubwa Mokowe na Lamu mjini, watoto wote wa visiwani na wa msituni wapelekwe huko, eti ndo watasoma. Mimi nasema wadogo hapana. Mtoto wa miaka saba akishikwa na homa usiku nani atamuamkia? Hapa akitoka shule anakula, anaenda chuoni kwa mwalimu wake wa Quran, jioni yuko ufuoni na babake anajua maji yanajaa saa ngapi na upepo umegeuka wapi, usiku yuko kwa bibi yake, na hayo yote ni elimu manake huko hosteli hakuna wa kumfundisha.

Mwisho wa 2022 wizara iliposema gredi ya kwanza mpaka ya tisa wasome kutwa nilifurahi sana, halafu nikawafikiria ndugu zetu Waboni wa msituni. Vijiji vyao vya Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe, tangu zile fujo za al-Shabaab za 2014 shule zao zikawa zafungwa zafunguliwa, mwalimu gani atapita barabara yenye mabomu, ndo watoto wakaletwa shule ya bweni ya Mokowe Arid Zone wakalala huko. Hao bodingi iliwaokoa na ukiifunga kesho watakaa nyumbani bure, kwa hivyo siombi ifungwe. Lakini lugha yao ya Kiaweer wanaoiongea washabaki wachache, mtoto akiondoka kwao hajakomaa hata ulimi ataisikia kwa nani? Fungueni madarasa ya chini hukohuko vijijini, ulinzi uwepo, na mchukue vijana wao wenyewe muwasomeshe ualimu, wale hawatahama wakisikia mlio wa bunduki.

Na moto jamani. Septemba 2024 kule Endarasha, Nyeri, wavulana 21 walikufa bwenini. Sisi Faza tushaona moto ukila nyumba na tunajua hakuna gari la zimamoto la kuvuka bahari kwa haraka, sasa mtu akiniambia watoto wengi wadogo walale chumba kimoja roho yangu haitulii.

Wakubwa ni mambo mengine. Wa gredi ya kumi kwenda juu anayetoka Kiwayu au Ndau hawezi kuvuka kila siku, kusi likivuma hata nahodha mzoefu anaghairi, huyo mpeni hosteli, lakini iwe ndogo, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, matroni awe mama anayejua mila zetu, na nauli ya boti ya kurudi likizo kaunti isaidie, manake mzazi akishalipa fii hana kitu tena. Wa hapa Pate wanaoweza kwenda na kurudi wapatieni boti ya shule yenye majaketi ya kuokolea, hiyo pesa ya mabweni ya wadogo ianzie hapo.

Kabla bajeti haijapita njoo ukae na wazazi Faza, Kizingitini na Ndau, halafu uende Basuba pia uwasikilize wao wenyewe, wasisemewe na sisi. Kikao kiwe asubuhi ili wa mbali wawahi kurudi na maji, na Ijumaa utuachie.