Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wanawake waanzilishi wa kampuni changa za teknolojia.

Shughuli za kawaida zimefanyika kama mnavyozijua: vikao, mafunzo ya hesabu, mazoezi ya kuzungumza na wawekezaji, kuwaunganisha wapya na washauri. Wanachama ni 112, wapya 21, washauri 14, vikao 10 kati ya 12 vilivyopangwa. Mapato na matumizi ataeleza mweka hazina.

Nitakaa zaidi kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kusimamisha shindano la kunadi mawazo na kuhamishia fungu la zawadi kwenye ukaguzi wa nyaraka za kampuni zenu. Wanachama 23 walitia saini barua ya kupinga. Nimeisoma barua hiyo zaidi ya mara moja. Hoja kwamba kamati imewanyima wanawake jukwaa siikubali.

Tulitazame hilo jukwaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye PNAS, jarida la kisayansi la Marekani, watu walisikilizishwa maelezo yale yale ya biashara, tofauti ikiwa sauti tu: 68% walichagua yaliyosomwa kwa sauti ya mwanamume. Mtafiti Dana Kanze na wenzake nao walichambua maswali ya majaji katika TechCrunch Disrupt ya New York, shindano la kampuni changa, la kuanzia 2010 hadi 2016. Wanaume waliulizwa zaidi namna watakavyokuza biashara. Kwa wanawake, 66% ya maswali yalihusu namna watakavyoepuka hasara. Kuwapanga wanachama wetu mbele ya mizani iliyopinda, kisha kumzawadia mmoja, si msaada. Tulichobakiza ni mazoezi ya kujibu. Ukiulizwa utawazuiaje wateja wasihame, toa takwimu moja ya waliobaki, kisha papo hapo eleza soko linapanuka wapi na fedha inayoombwa itafungua nini. Utafiti huo wa Kanze ulionyesha kuwa waliogeuza majibu namna hiyo walipata fedha nyingi kuliko waliojitetea tu.

Sasa nyaraka. Faili 15 zimekaguliwa, na 11 hazikuwa na hati ya kuhamisha haki za programu kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa kampuni. Kulipa ujira peke yake hakutoshi. Pasipo maandishi, mtengenezaji wa nje anaweza kubaki mmiliki wa msimbo, yaani maandishi ya programu, aliouandika. Katika faili moja hazina ya msimbo, yaani mahali pa mtandaoni unapohifadhiwa, ilifunguliwa kwa akaunti binafsi ya kijana wa mkataba, jina la tovuti likasajiliwa kwa baruapepe yake, na ankara za seva zikawa zinakatwa kwenye kadi yake. Kadi ilipoisha muda, huduma ikazimwa, na mwanzilishi hakuwa na nywila hata moja ya kuirudisha. Mwekezaji akifika hapo husimama. Dawa yake ni kazi ya siku mbili: hati isainiwe kabla ya malipo ya kwanza, akaunti zote zifunguliwe kwa baruapepe ya kampuni, na wasimamizi wawe wawili. Orodha ya ukaguzi yenye vipengele hivi niliiandaa mimi mwenyewe pamoja na katibu, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu, kwa kuwa imesemwa kamati haifanyi kazi.

Faili 8 hazikuwa na utaratibu wa hisa kukomaa, yaani mwanzilishi kuzipata kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi. Mwanzilishi mwenza mwenye 40% akiondoka mwezi wa saba, huondoka nazo zote, na kampuni hubaki na mtu asiyefanya kazi akishika karibu nusu. Kwa utaratibu wa miaka 4, wenye mwaka mmoja wa kungoja kabla ya hisa yoyote kukomaa, angeondoka bila kitu. Akiondoka mwezi wa 18 angekuwa amekomaza miezi 18 kati ya 48, yaani 15% ya kampuni.

Kosa lingine ni kusaini hati za uwekezaji zinazogeuka hisa baadaye bila kuzijumlisha. Chukueni tatu, za 10%, 8% na 7% ya kampuni. Kwa toleo la mwaka 2018 la SAFE, hati ya aina hiyo iliyoandaliwa na Y Combinator, taasisi ya Marekani inayolea kampuni changa, hati hizo hazipunguzani zenyewe kwa zenyewe. 25% yote hukatwa upande wa waanzilishi. Duru ya hisa, yaani awamu ya kuwauzia wawekezaji hisa mpya, ikija, mwekezaji akichukua 20% na kutaka 10% nyingine itengwe kwa wafanyakazi, 75% yenu inashuka hadi 52.5%. Mkiwa wawili sawa kwa sawa, kila mmoja ana 26.25%. Zawadi ya shindano haimfundishi mtu hesabu hii.

Kuhusu mahudhurio, nasema kwa masikitiko. Mkutano maalumu wa kujadili uamuzi huu uliitwa mara mbili. Akidi ni 57. Walifika 29, kisha 34. Kati ya 23 waliosaini barua, waliofika ni 9. Mlilalamikia saa za jioni, tukahamia Jumamosi asubuhi. Mlilalamikia watoto, tukawalipa walezi wawili. Wakaja watoto watatu. Katiba inairuhusu kamati kuamua akidi ikikosekana mara mbili. Ndivyo tulivyofanya, wala hatukuvizia mtu.

Ada: waliolipa yote 47, nusu 19, wasiolipa kabisa 46. Faili moja humchukua mwanasheria takribani saa mbili na nusu. Tulipanga saa 60, tukamudu 38. Maombi 9 yamekaa mezani kwa sababu hiyo, na baadhi ya wanaoulizia kila wiki wamo kwenye hao 46.

Mwaka ujao tunatarajia kumaliza faili hizo, kuongeza washauri wenye uzoefu wa mauzo kwa makampuni makubwa, na pengine, hali ikiruhusu, kuanzisha mfuko mdogo wa mikopo. Shindano linaweza kurudi, kwa masharti kwamba kila mshiriki faili lake liwe limekaguliwa kwanza na ada yake iwe imelipwa. Fomu za ukaguzi ziko kwa katibu. Anayeleta, aambatanishe jedwali la wenye hisa na mikataba yote ya watengenezaji, hata ile ya ukurasa mmoja.

Mwenyekiti