Abiria wenzangu, sogeeni ndani

Mhariri,

Jumapili niliwapeleka mama mkwe na wanangu watatu mjini kwa basi la mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni. Tulipanga Makumbusho ya Taifa kwanza, wakalione fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kisha samaki wa kukaanga Feri, na pantoni ya Kigamboni kwenda na kurudi (kwa watoto, safari ilikuwa hiyo pantoni tu).

Bibi alipishwa kiti, ahsante kijana. Ila wapo wanaoganda mlangoni, "nashuka hapo mbele", kumbe hadi mwisho wa safari! Tukishuka kwa kusukumana, kitinda mimba kiatu kikabaki ndani ya basi. Fuvu kaliangalia mguu mmoja peku. Kandambili nilinunua baadaye, Feri.

Mama wa watatu,
Kimara, Dar es Salaam