Kilo kumi zimefika tisa na ushee: uzi umekwenda wapi?

Malalamiko haya huja sana kiangazi, na mengi hutoka kwa mafundi wa Dodoma na Singida wanaofuma masweta ya shule. Mteja amelipia kilo 10 za uzi wa pamba, mzigo umesafiri kutoka kwetu sisi wauza uzi wa Dar es Salaam, ameufungua, koni zilizozungushiwa uzi zimekaa stoo siku kadhaa, kisha akaziweka kwenye mizani. Anakuta kilo 9 na gramu 700 hivi. Anapiga simu, na hata salamu siku hiyo huwa fupi.

Hatumlaumu. Biashara ya uzi ni biashara ya mizani, na gramu 300 ni pesa. Ila kabla ya kumshuku dereva au sisi, kuna jambo la kujua kuhusu pamba: inakunywa maji ya hewani. Hewa ikiwa na unyevu, pamba inayavuta, ikikauka, inayaachia. Hata ikisokotwa kuwa uzi haiachi tabia hiyo.

Kwa hiyo wafanyabiashara wa uzi duniani walishakubaliana kiwango. Kila kilo moja ya pamba iliyokaushwa kabisa huhesabiwa kubeba gramu 85 za maji, yaani asilimia 8.5. Kilo 10 unazonunua kwa kiwango hicho ni pamba kavu kilo 9.2 na zaidi kidogo. Yaliyobaki ni maji. Uzi huohuo ukae kwenye chumba kikavu hadi maji yafike asilimia 5, mizani itasoma kilo 9.68. Gramu 320 zimerudi hewani. Ukiuleta tena pwani wakati wa masika, utazidi kilo 10, na hapo hajawahi kutokea mteja wa kutupigia simu.

Mita hazipungui. Kilo moja ya uzi wa pamba namba 20 (namba ni kipimo cha wembamba wa uzi), ule wa uzi mmoja usiounganishwa na mwingine, ina takriban kilomita 34. Zilizotoka Dar ndizo zitakazofika Dodoma, na masweta utakayopata ni yaleyale.

Wanaofumia akriliki, uzi wa kiwandani usio wa pamba wala sufu, hawalijui tatizo hili, maana kiwango chake ni asilimia 2 tu au chini ya hapo. Sufu imezidi pamba: asilimia 17 hadi 18 na kitu. Hariri nayo huweza kulowa sana bila mkono kuhisi, na wajanja waliligundua hilo zamani. Ndiyo maana mwaka 1805 mji wa Lyon, Ufaransa, uliwekewa nyumba rasmi ya kukaushia na kupimia hariri, ili muuzaji asiuze maji kwa bei ya hariri. Wajanja wa aina hiyo hawajaisha. Ukiuziwa koni za pamba zenye ubaridi mkononi na harufu ya uvundo, usizipime hapo. Ziache mahali penye hewa kwanza.

Ukavu una hasara nyingine inayotuuma zaidi kuliko gramu. Pamba kavu ni dhaifu. Kwenye viwanda vya kusokota, hewa ya ukumbi wa mashine hutiwa unyevu makusudi, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 60, kwa sababu ikikauka pamba hupata umeme wa msuguano, nyuzinyuzi zinajizonga kwenye rola na uzi unakatika ovyo. Mashine yako ya kufumia ina shida hiyohiyo. Uzi ukianza kukatika mchana wa jua kali wakati asubuhi ulikwenda vizuri, usikimbilie kubadili sindano. Mwagia sakafu maji, funga madirisha ya upande wa upepo, na koni ambazo hujazifikia ziache ndani ya mfuko wake wa plastiki. Usinyunyizie koni yenyewe: nje italowa, ndani itabaki kavu, na ukungu utafuata.

Sisi tunapima kabla ya kufunga mfuko, na kwenye risiti tunaandika uzito wa uzi peke yake na uzito wa koni tupu. Ukipokea mzigo, pima siku hiyohiyo kabla ya kutoboa plastiki, kisha toa uzito wa mifuko na koni. Upungufu ukizidi gramu 100 kwa kilo 10, tupigie ukiwa na risiti. Tunafidia kwa uzi wa loti ileile, yaani uliotiwa rangi kwa mkupuo mmoja na wako. Loti ikiwa imeisha tunarudisha pesa, kwa sababu bluu ya loti mbili hailingani, na mwalimu mkuu ataiona kwenye sweta kabla yako.