Albamu ya wiki hii: Rumours ya Fleetwood Mac

Habari za jioni wapendwa. Wiki hii tunasikiliza Rumours, iliyotoka mwaka 1977. Mliojiunga juzi, bendi hii ilianzia London mwaka 1967 ikipiga blues, Peter Green akiwa kwenye gitaa. Enzi hizo tutazirudia siku nyingine.

Rumours ni roki na pop, na imetoka kwenye machungu kwelikweli. Wanabendi John na Christine McVie walikuwa wameachana, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks nao wakiachana, na bado wanakutana studio kule Sausalito, California. Mmoja anaimba maneno yanayomsema mwenzake, na mwenzake huyohuyo anamwitikia! Hapo ndipo ninaposhikwa mimi.

Naomba "The Chain" muisikilize kwa hedifoni. Zikipita kama dakika tatu, sauti zinanyamaza, ngoma inagonga taratibu, gitaa la besi la John linapita mbele kwa noti chache tu, halafu gitaa la Lindsey linalipuka. Katika albamu nzima, ni wimbo huu pekee wenye majina ya wanabendi wote watano kama watunzi.

Tujadili Jumapili saa mbili usiku. Ukibanwa, rekodi sauti hata ya nusu dakika uitume humu.