Kabla ya kurekebisha shairi, pigeni mguu

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha dansi kwa miaka mingi, na usiku huandika mashairi. Ukurasa wako wa washairi ndio ninaoufungua kwanza, hata kabla ya habari za mbele. Nina ombi kwa wanaoupitia kabla haujachapwa.

Gazeti jingine, si hili, liliwahi kutoa shairi langu. Mshororo wa kwanza niliuandika hivi: “Nakuja, nisubirini, ngoma haijanyamaza.” Ukatoka hivi: “Ninakuja subirini, ngoma haijanyamaza.” Hesabu haikukosewa. Ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, ulikuwa mizani (silabi) 8 na umebaki 8, kina ni kile kile. Lakini kilichoondolewa ndicho nilichokihangaikia juma zima.

Simama, Mhariri, uhesabu kwa miguu. Mguu wa kulia ukanyage mizani ya 1, wa kushoto ya 3, wa kulia ya 5, wa kushoto ya 7. Sasa tamka “Ninakuja subirini.” Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo -ku- inaangukia ya 3 na -ri- ya 7, zote chini ya unyayo. Ni mwendo wa gwaride. Rudia kwa “Nakuja, nisubirini.” Safari hii -ku- inatokea kwenye ya 2, kisigino kiko hewani, goti limekunjwa, hakuna sakafu ya kuipokea. Silabi nne zinapita hazina mkazo, mwili unasubiri, kisha -ri- na mguu vinatua pamoja. Mtu anayesema “nisubirini” amemfanya msikilizaji asubiri kweli!

Huko ndiko kulihepa pigo. Wanamuziki waliosomea hukuita sinkopesheni. Wanafunzi wangu wapya hudhani ni kuchelewa. Huwasimamisha, nikawapigisha pigo lenyewe kwa makofi mpaka likae mwilini, ndipo naruhusu mguu ulikwepe.

Wacuba wana pigo lao la klave katika muziki wa son: mapigo 5 ndani ya nafasi 16, kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Umbali wake haulingani, 3, 3, 4, 2, kisha 4 kurudi mwanzo, na ndio unaowanyanyua watu vitini. Nafasi 16, Mhariri, sawasawa na mizani ya mshororo wetu wa ukwapi na utao, yaani kipande cha pili. Na kwa kuwa kipande cha mizani 8 kikiishia neno la kawaida mkazo wake hutua ya 7, malenga ana mizani sita za mwanzo za kucheza nazo bila kupotea.

Basi naomba: mhakiki akitaka kubadili neno, aughani mshororo kwa sauti akipiga mguu, wa mwandishi kwanza, kisha wake. Shairi langu naliambatanisha hapa, kama nilivyoliandika.

Mwalimu wa dansi, msomaji wako